Kabla Hujauza Nishani ya Babu, Tafuta Jina Lake

Wiki iliyopita msomaji wa Bungoma alinitumia picha mbili kwa WhatsApp na swali moja: "Fundi, hizi za babu zinaweza kwenda ngapi?" Picha ya kwanza ilikuwa ya nyota ya shaba yenye ncha sita, utepe wa buluu, mstari mwekundu katikati na vijistari vya rangi ya machungwa kila upande. Nyota ya Burma hiyo. Ya pili ilikuwa nishani ya mviringo, simba amesimama juu ya joka lenye vichwa viwili: Nishani ya Vita, 1939 hadi 1945. Tayari alikuwa na mnunuzi Eldoret, akataka kujua kama anapunjwa.

Nikamuuliza: babu aliandikishwa jeshini kwa jina gani, na namba yake ilikuwa ipi? Hakujua. Alichojua ni kwamba mzee "alikuwa Keya", yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza huku kwetu. Nikamsihi asiuze kwanza. Nikamwahidi pia kwamba nitaandika kwa urefu, maana swali hili naletewa kila mara, na wengi mnaonisoma mna hamu ileile niliyo nayo: kuwa na nishani za askari wetu, kila moja ikiwa na mwenyewe anayejulikana alikotoka na alikopigana.

Jambo ambalo kila mwenye nishani nyumbani anapaswa kulijua ni hili. Nishani ambazo Waingereza waliwapa askari wa Keya kwa Vita vya Pili vya Dunia hazikuandikwa jina. Waafrika Kusini na Waaustralia waliandikiwa zao. Askari wetu alipewa tupu, kama walivyopewa askari wa Uingereza wenyewe. Kwa hiyo jina la babu haliko kwenye nyota. Liko kwa nyanya, liko kwenye karatasi ya kuachishwa jeshi iliyokunjwa ndani ya sanduku la bati, liko kwa jirani aliyepanda naye lori siku ya kuandikishwa. Nyota ikishatoka nje ya boma bila jina, hakuna mtaalamu wa Nairobi wala London atakayekwambia ilikuwa ya nani.

Za Vita vya Kwanza ni habari nyingine, na hapo ndipo safari yangu ilipoanzia.

Mimi ni fundi wa saa hapa mjini Nakuru. Siku moja kijana wa skrepa alikuja na kopo la vyuma vidogo, akataka nimwangalizie kama kuna cha fedha ndani yake. Kulikuwa na senti za kikoloni zenye tundu, bawaba za sanduku, na kitu cha mviringo kilichokuwa cheusi tititi. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Tano. Upande wa pili mtu aliye uchi juu ya farasi, kwato zimekanyaga ngao. Kishikio cha juu kilikuwa kimevunjika, na karibu na ukingo pametobolewa tundu lisilo sawa, upande mmoja pana kuliko mwingine. Nikaweka kioo changu jichoni, nikainamisha taa ya meza mpaka mwanga ukapiga ubavuni, nikaanza kuuzungusha ukingo taratibu. Ikatokea namba, kikafuata cheo, likafuata jina la Kijaluo, na mwisho herufi tatu: K.A.R.

Nishani ile ni fedha tupu, karibu aunsi moja, na kijana alikuwa njiani kwenda kwa sonara. Nilimpa zaidi ya ambacho sonara angempa. Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nimepita shule yote, nimesoma vita vya watu wengine kwa tarehe zao, na hakuna mwalimu aliyewahi kunionyesha jina la mtu wa ziwani lililopigwa chapa kwenye fedha ya mfalme.

Jina lenyewe lilikuwa la wakati wa kuzaliwa, lile ambalo kila boma la Nyanza lina mtu wake. Nilianza kuulizia upande wa Kisumu, kwa sababu vita vile vilifika huko mapema kuliko wengi wanavyojua. Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii, na tarehe 12 Keya wakapigana nao pale pale. Juni 1915 wanajeshi walipakiwa kwenye meli Kisumu, wakavuka ziwa kwenda kushambulia Bukoba na kubomoa kituo cha simu ya upepo cha Wajerumani. Wazee wa ukanda ule wanazo hadithi hizi kwa majina ya watu, ukiwa na subira ya kukaa.

Sitawachosha na kuulizia kwenyewe. Mwisho nilifikishwa Nyakach kwa nyanya mmoja aliyeolewa katika boma hilo akiwa msichana. Sikumwonyesha kitu. Nilimsalimu, nikanywa chai, nikamwomba anieleze habari za mzee aliyekwenda vita vya Wajerumani. Akasema mzee alirudi na "pesa kubwa ya mfalme", akawa anaivaa shingoni kwa uzi wa ngozi siku za sherehe, hadi ikapotea walipokuwa wakibadilisha paa la nyumba.

"Nyanya, aliifungaje kwenye uzi?"

"Kile cha juu kilivunjika, akatoboa mwenyewe kwa msumari. Tundu lilikuwa baya. Wajukuu walimcheka."

Nikaitoa mfukoni. Aliligusa tundu kwa kidole kabla hata ya kutazama upande wenye mfalme. Jina la baba wa mzee, ambalo mtu mwingine alikuwa ameshanipa kando, nalo likaoana.

Nishani ile iko kwao leo. Mimi nina picha zake, vipimo vyake na maelezo ya nyanya niliyoyarekodi kwa simu, na hayo nayahesabu kuwa ndiyo mkusanyiko wangu wa kweli. Ninajivunia, wala sifichi. Wapo watu wenye makabati ya vioo yaliyojaa nishani za bei, na hawajawahi kukanyaga boma hata moja.

Basi ukipata ya 1914 hadi 1918, soma ukingo kwanza. Usiisugue kwa brasso, wala ndimu, wala majivu. Weusi ule hauharibu kitu, ila kila ukisugua unakula herufi. Nakili maandishi kama yalivyo, hata kama jina limeandikwa vibaya, maana karani aliandika alivyosikia, na ukilinyoosha wewe utakuwa umepoteza njia ya kurudi kwenye daftari lake. Kwa nyota za Vita vya Pili, jihadhari na bandia. Halisi zilipigwa kwa mashine na kona zake ni kali. Za kumiminwa zina vijishimo vidogo na herufi zilizolegea. Utepe nao uwekee ile taa ya kukagulia noti bandia: nyuzi za kisasa huwaka, za enzi zile hazing'ai. Lakini kumbuka utepe huchakaa na kubadilishwa, kwa hiyo utepe mpya peke yake hauhukumu nyota.

Sasa niseme la uchungu. Baada ya Nyakach nilipata rafiki wa mtandaoni, mkusanyaji wa nje ya nchi, mpole, mwenye maswali mazuri. Nilimwamini. Nilikuwa nikifuatilia nishani za mzee mmoja wa upande wa Vihiga, marehemu, ambaye mjane wake alikuwa na seti nzima pamoja na kitabu chake cha mshahara. Nikamtumia rafiki huyo picha na maelezo yangu yote, hata jina la kijiji. Siku zikapita, akanyamaza. Niliporudi kumsalimu yule mama akaniambia, "Lakini mwanangu, si wewe uliyemtuma yule kijana?" Wakala alikuwa amekuja, akatumia jina langu, akalipa pesa kidogo na kuondoka na vyote. Baadaye niliiona seti ile ikiuzwa ng'ambo, na chini yake maelezo yangu neno kwa neno, bila jina langu, na bila jina la mama. Bado inaniuma. Hainiumi kwa pesa. Inaniuma kwa sababu mama yule alifikiri ni mimi.

Tangu hapo siweki mtandaoni jina la kijiji pamoja na picha ya nishani, na wewe usiweke. Ukifika kwenye boma la watu, nenda na mtu wanayemjua, sema wazi unataka nini, acha namba yako iandikwe. Ukitaka kununua, kubali kwanza familia yote ikae. Mkusanyaji anayemnunulia mjane peke yake saa nne asubuhi wakati watoto wako kazini ni mwizi mwenye risiti.

Kwa utafiti wenyewe, anza na tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ni bure, kama askari alifia vitani. Mwezi huu imenipa furaha kubwa. Mama mmoja wa Mumias alikuwa na neno moja tu kuhusu babu yake: "alizama na meli." Meli ni Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Ceylon (Sri Lanka ya leo) ikazamishwa na nyambizi ya Wajapani tarehe 12 Februari 1944, ikiwa imebeba wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, kikosi cha 301. Ilizama kwa dakika chache na watu zaidi ya elfu moja. Wale wa kwetu wameandikwa kwenye Ukumbusho wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Tulilipata jina. Mwanawe alikwenda kulipiga picha, na familia ambayo haikuwahi kuwa na kaburi la kupalilia sasa ina mahali pa kwenda.

Usipopata jina, usikimbilie kusema wazee walidanganya. Tume hiyohiyo ilitoa ripoti mwaka 2021 ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, waliokufa hasa katika Vita vya Kwanza, hawakuandikwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Wapagazi wetu wako humo.

Kwa nishani za ushujaa, tafuta katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, nalo liko mtandaoni bure. Sote tumesikia habari za Sajenti Nigel Leakey wa Keya, aliyepanda juu ya kifaru cha Waitaliano kule Colito, Abisinia, tarehe 19 Mei 1941, akauawa, akapewa Msalaba wa Victoria. Gazeti hilohilo lina majina ya askari Waafrika waliopata Nishani ya Kijeshi, na ni nani kati yetu amekaa kuwatafuta? Shajara za vita za vikosi vilivyokwenda Burma ziko katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, London, katika faili za WO 172. Shajara haitakwambia babu yako alifanya nini. Itakwambia kikosi chake kililala wapi, na hilo linatosha kupima hadithi. Mzee mmoja wa Nandi alikuwa akisimulia daraja refu juu ya mto mpana, watu wakidhani ametia chumvi. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilishuka Bonde la Kabaw katika mvua na malaria, ikaingia Kalewa Desemba 1944, na pale juu ya mto Chindwin likajengwa daraja la futi 1,154. Hakutia chumvi hata kidogo.

Kuna nishani moja ambayo huku Nakuru huletwa ikiwa imefungwa kwenye kitambaa, na mwenyewe huongea kwa sauti ya chini. Utepe wa njano wenye kingo nyeusi na mistari miwili ya kijani, na juu yake kipande kilichoandikwa KENYA. Ilitolewa kwa waliotumikia upande wa serikali wakati wa Hali ya Hatari, vita vya Mau Mau, kuanzia Oktoba 1952 hadi Novemba 1956, wakiwemo Keya na polisi. Hii ina jina ukingoni. Bahati, Njoro, Molo, kuna maboma ambayo ndugu mmoja alikuwa msituni na mwingine alikuwa na nishani hii. Wako wakusanyaji wanaoikataa kabisa. Mimi naipokea na kuiandika kama nyingine, kwa sababu kabati lenye Burma bila Kenya linadanganya. Lakini jina lake silitaji kwa mtu yeyote mpaka familia iseme ndiyo, na mara nyingi inasema hapana. Heshimu hapana hiyo.

Ndugu zangu, kijana wa miaka 18 aliyekuwa Burma mwaka 1944 alizaliwa 1926. Hesabuni wenyewe. Waliobaki ni wajane na watoto wao, na hao ndio wa kuulizwa Krismasi hii mkirudi nyumbani. Uliza alichukuliwa wakati wa chifu gani, alipandia treni stesheni ipi, afisa wake aliitwa nani, alipanda meli gani, alirudi na nani. Wazee wengi walisahau namba ya batalioni lakini jina la afisa wao hawakulisahau, na kwa jina la afisa batalioni hupatikana. Rekodi kwa simu, taja tarehe mwanzoni. Karatasi zote za sandukuni zipige picha pande mbili, hata zile tupu nyuma. Nakala moja ikae na nishani, nyingine iende kwa mtoto mwingine wa boma hilo. Na ukingo ukikushinda kusoma, nitumie picha ya ukingo wenyewe, taa ikipiga kutoka ubavuni. Picha ya uso wa mfalme hainisaidii kumpata askari.