Chombo cha kuzamia baharini cha watu watatu, kina cha mita 4,000: tufe au silinda?

Mkuu, umeuliza kama silinda ya kaboni faiba inaweza kuchukua nafasi ya tufe ili abiria wanyooshe miguu. Kwa mita 4,000, hapana. Wakunje miguu.

Chukua hesabu. Kina hicho presha ni kama megapaskali 40. Tufe la titaniamu lenye nusu kipenyo cha mita 1 na ukuta wa milimita 60 linabeba mkazo wa megapaskali 340 hivi, na aloi inayotumika sana huanza kusalimu amri karibu na 830. Silinda ya vipimo hivyohivyo hubeba maradufu, na uduara wake ukipotoka kidogo tu inabonyea kabla ya kufika huko. Kaboni faiba ni hodari ikivutwa. Ikikandamizwa, tabaka zake huachana kidogokidogo kila mzamo. Nyambizi ya Titan, iliyosagwa na bahari Juni 2023 na kuua watu watano, ilikuwa silinda ya namna hiyo, na ilikwishafika chini ikarudi salama mara kadhaa. Kwa hiyo "mbona imeshashuka" si kipimo.

Mlango wenye tundu la sentimita 50 unasukumwa na karibu tani 800. Ndiyo maana mlango na dirisha la akriliki huchongwa kama kizibo, upana ukiwa nje, bahari yenyewe iubane. Oringi, yaani pete ya mpira ya kuzuia maji, inahitajika zaidi mita za mwanzo, presha ikiwa bado ndogo, na hapo ndipo maji hupenya. Ukiona tone mita 20, usishuke ukitegemea presha izibe. Panda, fungua, pitisha kidole kwenye kikalio, pale mlango unapokaa: mara nyingi ni unywele au punje ya mchanga.

Kwenye hewa, wengi hupiga hesabu ya oksijeni wakasahau kaboni dayoksaidi. Hewa ikiwa mita 3 za ujazo, watu watatu wenye shughuli nyepesi huitoa kama lita 1.2 kwa dakika. Feni ya kichujio kinachoinasa ikizima, dakika 25 gesi hiyo imefika asilimia 1, na oksijeni bado ipo tele. Feni ipewe betri yake. Oksijeni weka nusu lita kwa mtu kwa dakika: akiba ya saa 96 ni lita 8,640, mtungi wa lita 50 kwa presha ya baa 200 unatosha, ila gawa miwili yenye valvu mbalimbali.

Vyuma vya kudondosha vishikwe na sumaku umeme, kama nyambizi ya Trieste ilivyofanya mwaka 1960. Umeme ukikatika vinaachia vyenyewe, chombo kinapanda.