Kikundi Kazi au Kikoa: Akaunti Zitunzwe Wapi?

SWALI: Ofisi yetu ina kompyuta 12 za Windows, zote zikiwa katika kikundi kazi. Mfanyakazi anapoacha kazi, tunalazimika kuzipitia moja baada ya nyingine ili kufuta akaunti yake. Fundi mmoja anatushauri tuhamie kwenye kikoa, lakini mwenzake anasema kompyuta 12 ni chache mno. Tumsikilize yupi?

JIBU: Msikilizeni wa kwanza, ingawa idadi ya kompyuta siyo sababu yangu. Katika kikundi kazi, kila kompyuta hutunza orodha yake yenyewe ya watumiaji na manenosiri, hivyo anayetumia kompyuta tano huhitaji akaunti tano, na akibadilisha nenosiri kwenye moja, zile nne hazina habari. Katika kikoa orodha ni moja tu, nayo hukaa kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayozihudumia nyingine, iitwayo kidhibiti cha kikoa. Ukiifunga akaunti hapo, mhusika hawezi tena kuingia kwenye kompyuta yoyote iliyounganishwa na seva hiyo. Angalizo ni kompyuta ya mkononi iliyo nje ya mtandao, kwani huweza kumruhusu aingie kwa taarifa ilizohifadhi awali; basi ichukueni kabla hajaondoka.

Kama wafanyakazi wenu wangekuwa wale wale miaka yote, kila mmoja na kompyuta yake, ningewashauri mbaki mlipo, kwa sababu kikoa kina gharama: seva, leseni, na mtu wa kuvisimamia. Kidhibiti kimoja pekee kikiharibika, kazi nyingi husimama, ndiyo maana huwa nasisitiza viwe viwili. Saa za kompyuta nazo zisipishane na ya seva kwa zaidi ya dakika 5, la sivyo uthibitishaji wa watumiaji hukwama.

Kabla ya kununua chochote, kagueni matoleo ya Windows mliyonayo, maana toleo la Home haliwezi kujiunga na kikoa. Siku ya kuhamia, wajulisheni watumiaji mapema kwamba akaunti mpya ya kikoa hufungua dawati tupu, yaani skrini ya mwanzo isiyo na faili zao. Faili zao za zamani hazijapotea. Zimo katika folda ya akaunti ya awali kwenye kompyuta ile ile, na fundi anapaswa kuzihamisha kabla hajaigusa kompyuta inayofuata.