Uliza Fundi wa Tovuti: Pasaka watu walifika, ukurasa haukufunguka

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, fundi. Mimi ni katibu wa kanisa, na ndiye ninayepandisha matangazo na mahubiri kwenye tovuti yetu. Seva tunayokodi iko bara jingine na waumini wetu wametawanyika nchi nyingi. Siku za kawaida ukurasa unafunguka kwa kusuasua. Kesha la Pasaka uligoma kabisa. Kijana anayetusaidia anasema tuweke CDN. Ni kitu gani, na kitatufaa kweli?

JIBU: Amina, Ndugu Katibu. Huyo kijana msikilizeni, ila kuna kazi moja ya kufanya kwanza, nitaifikia.

CDN ni mtandao wa seva zilizotawanywa katika miji mingi duniani, kila moja ikitunza nakala za vitu vya tovuti yenu visivyobadilika kila saa: nembo, picha, faili za sauti. Muumini anapofungua tovuti, anahudumiwa na seva iliyo jirani naye, na ile ya kwenu inapata nafuu.

Umbali unachelewesha kuliko watu wanavyodhani. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 10,000 mbali, kwenda na kurudi mara moja ni milisekunde 100, tena tukichukulia nyaya zimenyooka, na hazijanyooka. Halafu simu haiombi ukurasa moja kwa moja. Inapiga hodi na kusubiri kukaribishwa. Kisha inakubaliana na seva namna ya kulinda siri ya mazungumzo. Ndipo iombe ukurasa. Hizo ni safari tatu, na hakuna hata picha moja iliyoanza kuja. Seva ikiwa kilomita 100 tu, safari zote tatu huisha kabla hujapepesa jicho.

Kuhusu kesha la Pasaka, umati unaotaka kitu kilekile kwa dakika ileile ndio uliozaa teknolojia hii. Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, aliwapa wenzake wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, changamoto ya msongamano huo mwaka 1995. Tom Leighton na mwanafunzi wake Danny Lewin wakaikalia kwa hesabu, na mwaka 1998 wakaanzisha Akamai, kampuni ya CDN. Lakini angalieni hapa: CDN nyingi, Cloudflare ikiwemo, zikiwashwa tu huhifadhi picha na faili, si ukurasa wenyewe. Ukurasa wa ratiba ya ibada utaendelea kutengenezwa upya na seva yenu kwa kila anayeuomba. Mwambieni kijana auwekee kanuni ya kuhifadhiwa, hata kwa dakika tano. Watu elfu wakija ndani ya dakika hizo, seva yenu itabishiwa hodi mara chache tu.

Sasa ile kazi ya kwanza: punguzeni uzito. Nilipokuwa nikijitolea kutunza tovuti ya kanisa, nilikuta picha ya kwaya iliyotoka kwenye kamera ikiwa na upana wa pikseli 6,000, megabaiti saba, na kwenye simu ilionekana kwa ukubwa wa kiganja. CDN ingeifikisha haraka mji wa jirani, lakini kutoka hapo hadi kwenye simu anayelipa bando ni mama mmoja aliyetaka kujua ibada inaanza saa ngapi. Tukaipunguza hadi pikseli 1,200 na kuihifadhi kwa mfumo wa WebP. Ikabaki chini ya kilobaiti 200. Mahubiri nayo: dakika 40 kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni kama megabaiti 38. Sauti ya mtu mmoja anayesema inatosha kabisa kwa 64, na faili inakuwa nusu.

Jambo moja bado linaniuma. Siku nilipohamishia usimamizi wa kikoa, yaani jina la tovuti, kwenye CDN, nilisahau kunakili rekodi za MX, zile zinazoelekeza barua pepe. Siku mbili barua za kanisa hazikufika, na mojawapo ilikuwa ya familia iliyoomba mchungaji aje msibani. Kabla hamjabonyeza chochote, pigeni picha ya rekodi zote za kikoa, kisha linganisheni mstari kwa mstari. Daraja la bure la Cloudflare linatosha kuanzia. Video ziacheni YouTube; wao wana seva zao zilizotawanywa tayari.

SWALI: Shirika letu linasaidia yatima. Wiki moja baada ya kuwasha CDN, mfadhili aliingia kwenye akaunti yake akakuta jina na mchango wa mfadhili mwingine. Tumedukuliwa?

JIBU: Inaelekea hamkudukuliwa, lakini zimeni uhifadhi wa kurasa hizo sasa hivi, ndipo mwendelee kusoma.

Huenda kuna mtu aliweka kanuni ya kuhifadhi kila kitu. Ukurasa uliotengenezwa kwa mfadhili wa kwanza ukatunzwa, na wa pili akapewa uleule. Kinachofanana kwa watu wote kihifadhiwe. Chenye jina la mtu kisiguswe. Fundi wenu aondoe kurasa za kuingia, akaunti na michango kwenye kanuni hiyo, aifanye seva yenyewe itume agizo la Cache-Control: private, no-store, linalokataza ukurasa kutunzwa, kisha afute nakala zote zilizokwisha kutunzwa. Asipofuta, za zamani zinaweza kuendelea kutolewa.

Jaribuni kwa simu mbili na akaunti mbili za majaribio, mkifungua ukurasa uleule mmoja baada ya mwingine. Kwenye vichwa vya majibu, yaani maelezo yanayotumwa pamoja na ukurasa, mstari wa cf-cache-status au X-Cache usiseme HIT hata mara moja; HIT maana yake mmepewa nakala iliyotunzwa.

Na wafadhili hao wawili wapigieni simu leo. Yule ambaye taarifa zake zilionekana aambiwe wazi ni nini kilionekana, lini, na mmekwisha kufanya nini.