Kaka ameuza korosho zangu akala hela, nitampendaje?

*Shangazi, nalima korosho Masasi. Msimu uliopita nilikuwa nauguza mtoto, kaka yangu akanipelekea gunia nne ghalani. Kaandikisha jina lake, hela ikaingia akaunti yake, akaila yote. Mashamba yetu yanapakana, na tunasali kanisa moja. Padri alihubiri kwamba anayemchukia ndugu yake hampendi Mungu, na tangu siku hiyo sipokei komunyo. Mdomo umesamehe, moyo umekataa. Nifanyeje?*

Pole, mwanangu. Gunia nne ni jasho la mwaka mzima, na aliyekuumiza mmenyonya ziwa moja. Lazima iume.

Nadhani unangoja moyo upoe ndipo umpende. Yohana, katika waraka huohuo aliousoma padri, anasema sisi twapenda kwa maana Mungu alitupenda kwanza. Kwanza, mwanangu! Hakungoja tutengenee. Kwa hiyo usiukamue moyo wako mkavu. Mwombe Yeye akupe, hata kama sala yenyewe ni, "Bwana, huyu simtaki."

Ila kupenda si kunyamaza, na hapa wengi tunakosea. Yesu katika Mathayo 18 anasema ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Usianze kwa mjomba wala kwa wanakwaya. Nenda asubuhi, kabla hajaenda shambani, umwambie: "Kaka, gunia zile zilikuwa zangu, na uliniumiza." Mtajie kiasi. Akikosa zote, apange kulipa kidogo kidogo. Akikataa, ndipo umchukue mjomba na mzee mmoja wa kanisa.

Msimu ujao kapime mwenyewe kwenye chama cha msingi cha ushirika, stakabadhi isome jina lako na malipo yaingie kwenye akaunti yako. Usione haya. Huko si kulipiza kisasi, unamwondolea kaka yako kishawishi.

Halafu salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Umeniambia mashamba yenu yanapakana. Ukipuliza alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, usizime mashine mpakani. Malizia na ule mstari wa kwanza wa mikorosho yake. Baba yetu huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki, nao ugonjwa wa ubwiriunga hautakuuliza mkorosho ni wa nani.

Jumapili hii msalimie wewe kwanza. Asipoitikia, msalimie tena Jumapili inayofuata.