Maswali na Majibu ya Wasomaji: Midhat Pasha, gavana wa Danube na Baghdad

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu Midhat Pasha, gavana mashuhuri wa Dola ya Uthmania katika karne ya 19. Zinazofanana tumezijibu kwa pamoja.

Naomba kujua alitawala wapi na lini, maana kila kitabu kinasema lake. (Msomaji, Dodoma)

Vitabu vinatofautiana kwa sababu alihamishwa mara nyingi, na wengine wanahesabu vyeo vya Istanbul, mji mkuu wa dola, pamoja na vya mikoani. Alizaliwa Istanbul mwaka 1822, akaanza kazi akiwa karani. Alikuwa gavana wa Nish (leo ni Serbia) kuanzia 1861 hadi 1864, kisha Jimbo la Danube (sehemu kubwa ni Bulgaria ya leo) 1864–1868, Baghdad 1869–1872, Thessaloniki kwa miezi michache, Syria 1878–1880, na mwisho Izmir hadi alipokamatwa mwaka 1881. Katikati ya hayo alikuwa Waziri Mkuu mara mbili: mwaka 1872, kwa muda usiofika miezi mitatu, na tena kuanzia Desemba 1876 hadi Februari 1877. Kipindi hicho cha pili ndicho kilichozaa katiba ya kwanza ya dola, iliyotangazwa tarehe 23 Desemba 1876. Wengi wanamkumbuka kwa katiba hiyo. Sisi tunaona kazi yake ya mikoani ina mengi zaidi ya kumfundisha mtu wa utawala.

Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha kuweka na kukopa. Nimesikia Midhat Pasha alianzisha mifuko ya mikopo ya wakulima. Mtaji ulitoka wapi, na nani alizishika fedha? (Msomaji, Iringa)

Swali zuri, na jibu lake ni refu kidogo. Mfuko wa kwanza ulianzishwa mwaka 1863 katika mji wa Pirot, alipokuwa gavana wa Nish. Wakulima walikuwa mikononi mwa wakopeshaji wa mjini waliowatoza riba ya kuwamaliza, na serikali haikuwa na fedha za kuwakopesha. Kwa hiyo mtaji ulitafutwa shambani. Ardhi ya serikali iliyokaa bure ililimwa na wanakijiji kwa pamoja, kama msaragambo, kila mwenye ng'ombe wa kulimia akija na wake. Mavuno yaliuzwa, na fedha zikaingia mfukoni. Hakuna aliyeombwa kutoa shilingi asiyokuwa nayo. Alichangia siku zake za kazi.

Wasimamizi walikuwa wanne, Waislamu wawili na Wakristo wawili, waliochaguliwa na wenyeji wenyewe. Kanuni zilizotolewa mwaka 1867 zilieneza utaratibu huo. Riba ilikuwa asilimia 1 kwa mwezi, na mkopo ulitolewa kwa miezi mitatu hadi mwaka mmoja, kwa mdhamini au kwa rehani. Faida haikugawiwa wanachama: sehemu iliongezwa kwenye mtaji, na sehemu ikaenda kwenye shule, madaraja na mahitaji mengine ya hapo hapo.

Sasa angalia palipoharibika, maana hapo ndipo mweka hazina anapopaswa kukodoa macho. Mifuko ilipoenea katika majimbo mengine, wakubwa wa wilaya walikopa kwa kudhaminiana wao kwa wao, kisha wakakaa na deni. Msimamizi wa kijijini hakuwa na ubavu wa kumshtaki bwana mwenye mashamba ambaye pia anakaa kwenye baraza la wilaya. Mkulima mdogo, ambaye jembe lake ndilo lililoleta mtaji, akakuta kisanduku kitupu. Mwaka 1883 serikali iliipanga upya mifuko hiyo chini ya usimamizi wake, ikachukua mtaji kutoka kwenye nyongeza ya zaka ya mazao badala ya shamba la pamoja. Mwaka 1888 yote ikamezwa na Benki ya Kilimo, Ziraat Bankası, ambayo hadi leo inaandika 1863 kuwa mwaka wake wa kuzaliwa.

Inasemekana alijenga barabara za kilomita 3,000 na madaraja 1,400 katika Danube kwa miaka minne tu. Inawezekana? (Msomaji, Mombasa)

Takwimu hizo zinatajwa sana, na asili yake ni masimulizi ya upande wake mwenyewe, kwa hiyo zipokee kwa tahadhari. Usidhani ni barabara za lami. Nyingi zilikuwa njia za udongo na kokoto, na daraja la mbao juu ya kijito nalo lilihesabiwa daraja.

Nguvu kazi ilikuwa ya lazima. Utaratibu wenyewe unaonekana wazi katika kanuni ya barabara ya dola nzima ya mwaka 1869: kila mwanamume wa miaka 16 hadi 60 alitakiwa kufanya kazi ya barabara siku 20 katika kila miaka mitano, yaani wastani wa siku nne kwa mwaka. Kazi ya bure kama hiyo inatosha kuchimba mitaro na kuinua tuta. Haitoshi kwa nguzo za mawe, maana hapo unahitaji mafundi na fedha taslimu. Tena tuta likishamalizika linadai matengenezo kila baada ya masika, na gavana aliyelisimamia keshahamishwa. Reli ya Ruse hadi Varna, iliyofunguliwa mwaka 1866, isihesabiwe kuwa yake: ilijengwa na kampuni ya Waingereza.

Na tusimpambe kupita kiasi. Gavana huyo huyo aliyefungua shule za ufundi kwa yatima wa dini zote, na gazeti la *Tuna* la Kituruki na Kibulgaria mwaka 1865, ndiye aliyewakandamiza waasi wa Kibulgaria mwaka 1867 na 1868 kwa mkono mzito, wengine wakinyongwa. Bulgaria hawajasahau.

Kwetu migogoro ya hati za ardhi haiishi. Nimeona jina lake likitajwa kwenye migogoro ya ardhi ya Iraki. Alikosea nini? (Msomaji, Lubumbashi)

Alitekeleza Iraki sheria ambayo haikutungwa kwa ajili ya Iraki. Sheria ya Ardhi ya 1858 iliiacha ardhi ya kilimo kuwa mali ya dola, lakini ikampa mtumiaji haki ya kudumu kwa hati. Aliyelima miaka kumi bila kupingwa alistahili hati. Aliyeacha shamba miaka mitatu bila sababu aliweza kulipoteza. Na kifungu cha 8 kilikataza ardhi ya kijiji kizima kuandikishwa kwa wanakijiji wote kwa pamoja, au kwa jina la mtu mmoja au wawili.

Kwa mkulima wa Danube mwenye shamba lake moja, hilo linaeleweka. Kusini mwa Iraki ardhi ilikuwa ya kabila, mto ulibadilisha njia, na mwaka huu watu walilima huku, mwaka ujao kule. Midhat Pasha aliuza hati kwa bei nafuu, akitumaini watu wa makabila watatulia, walime, walipe kodi. Wao waliona jambo jingine: orodha ya majina. Anayeandika jina lako leo kwa ajili ya shamba, kesho atalitumia kukuita jeshini. Hofu hiyo haikuwa ya bure, kwani mwaka 1869, mwaka aliofika, suala la kuandikisha askari lilizua ghasia Baghdad, na uasi wa kodi huko Daghara, kusini mwa Baghdad, ulimuua mkuu wa wilaya ya Hilla.

Basi wanyonge wakakwepa, na waliojua faida ya karatasi wakajitokeza: masheikh na wafanyabiashara wa mjini. Mfano mkubwa ni ukoo wa Sa'dun katika nchi ya Muntafiq, kusini mwa Iraki. Masheikh wake walijiandikishia mashamba mapana, na watu wa kabila walioyalima wakageuka wapangaji wa viongozi wao. Wengi walikataa kuwalipa, na ugomvi ukarithiwa na Waingereza, kisha na ufalme wa Iraki. Kifungu cha 8 kilikuwapo muda wote huo. Kilichokosekana ni wapimaji, ramani na karani wa kwenda kuuliza shambani nani hasa anayelima.

Je, ni kweli alifika hadi Ghuba? (Msomaji, Muscat)

Ndiyo. Mwaka 1871 alituma jeshi al-Hasa (leo mashariki mwa Saudi Arabia) chini ya Nafiz Pasha, akitumia ugomvi wa ndugu wawili wa ukoo wa Al Saud, Abdullah na Saud. Sheikh Abdullah wa Kuwait alisaidia kwa majahazi. Qatar nayo ikapata kikosi cha Kituruki, na al-Hasa ikabaki mikononi mwa Waturuki hadi 1913. Hata hivyo Istanbul ilitaka fedha zaidi kutoka Baghdad wakati yeye alitaka kuzitumia huko huko. Ugomvi huo na Waziri Mkuu Mahmud Nedim Pasha ulimfanya ajiuzulu mwaka 1872.

Alinyongwa kwa kosa gani? (Msomaji, Zanzibar)

Alihukumiwa mwaka 1881 kwa tuhuma za kumuua Sultani Abdulaziz, katika kesi ambayo wanahistoria wengi wanaiona ya kupangwa. Hukumu ya kifo ilibadilishwa kuwa kifungo cha maisha huko Taif (leo ni Saudi Arabia), na mwaka 1884 aliuawa humo gerezani kwa kunyongwa.

Na ile tramu ya farasi ya Baghdad? (Msomaji, Nairobi)

Ilitoka Baghdad hadi Kadhimiya, kama kilomita 7, kwa mabehewa ya ghorofa mbili yaliyovutwa na farasi juu ya reli. Njia ilichaguliwa vizuri: Kadhimiya kuna kaburi la Imam Musa al-Kadhim, na mahujaji hawakosekani mwaka mzima, kwa hiyo nauli ilikuwa ya uhakika tangu siku ya kwanza. Mtaji ulipatikana kwa kuuza hisa kwa wenyeji badala ya kuchota hazina ya jimbo. Gavana aliondoka 1872, lakini wenye hisa walibaki, na tramu yao ikaendelea kubeba abiria hadi miaka ya 1940.