Maswali yenu kuhusu "All About Eve": je, Eve alikosea kutamani?

Wiki chache zilizopita niliwahimiza wasomaji wa safu hii waitafute filamu ya All About Eve, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1950 na studio ya 20th Century-Fox, ikaandikwa na kuongozwa na Joseph L. Mankiewicz. Kwa ambaye hajaiona: Margo Channing ni nyota wa tamthilia mjini New York, ametimiza miaka arobaini. Kila usiku kuna msichana anayesimama uchochoroni, karibu na mlango wa waigizaji, amwone tu akipita. Jina lake Eve Harrington. Karen, rafiki yake Margo na mke wa mtunzi wa tamthilia zake, anamwonea huruma yule msichana na kumwingiza ndani. Eve anakuwa msaidizi wa Margo, halafu mwigizaji wake wa akiba, halafu mpinzani wake. Barua zimekuwa nyingi, nami nimechagua zile zilizonifanya niitazame filamu upya. Usiyependa kujua mwisho kabla ya kuiona, anza na filamu kwanza.

Mama yangu alipomaliza kuitazama alisema neno moja tu: "Kikulacho ki nguoni mwako." Si ndiyo filamu nzima hiyo? Eve ni nyoka, yamekwisha. (Msomaji, Tanga)

Msalimie mama. Amesema kweli, ila hiyo ni nusu ya kweli. Ingekuwa Eve ni mlaghai asiye na kipaji, filamu ingekwisha mapema nasi tungerudi kwenye shughuli zetu. Shida ni kwamba Eve anaweza. Anapopewa nafasi ya kusoma maneno ya Margo jukwaani, mtunzi mwenyewe, Lloyd Richards, anachanganyikiwa kwa furaha, anasema ameisikiliza tamthilia yake kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. Na Mankiewicz kafanya jambo la kijasiri hapo: hatuonyeshi hata mara moja Eve akiigiza mbele ya watazamaji. Tunamwona akiigiza nyumbani, chumbani, mezani, kwenye simu. Kipaji chake chote tunakishuhudia katika uongo anaowapa watu waliomwamini.

Mimi simlaumu kwa kutamani. Binti anayesimama kwenye baridi usiku baada ya usiku kwa sababu anapenda jukwaa ana haki ya kulitaka jukwaa hilo. Ninachomlaumu ni kwamba alikuwa na mali yake mwenyewe akaenda kuiba ya wengine. Alitunga mume aliyekufa vitani Pasifiki ili ahurumiwe. Alijaribu kumchukua Bill, mchumba wa Margo, akakataliwa waziwazi, ndipo akageukia kwa Lloyd, mume wa Karen aliyemfungulia mlango. Hakuna hata moja kati ya hayo lililomwongezea uwezo wa kuigiza.

Shikamoo. Nimeona kama yule mama anayemvalisha Margo alijua mapema kuliko wote. Mbona hawakumsikiliza? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Umeona vizuri sana. Birdie, aliyeigizwa na Thelma Ritter, aliwahi kuwa msanii wa vichekesho vya jukwaani na anaijua michezo yote. Eve anaposimulia maisha yake ya dhiki, wenzake wanalengwalengwa na machozi, lakini Birdie anasema hadithi hiyo imekamilika, imepungukiwa mbwa wa kumfukuza tu. Baadaye Margo anamuuliza kwa nini hampendi Eve, naye anajibu kwamba yule binti anamsoma Margo kama mtu asomavyo ramani ya nyumba: anavyotembea, anavyokula, anavyowaza.

Hawakumsikiliza kwa sababu ni mtumishi. Margo anaanza kushtuka siku anapoamshwa usiku wa manane na simu ya Bill kutoka Hollywood, simu ambayo hakuiomba. Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Bill. Margo alisahau, Eve alikumbuka, akaiagiza kwa niaba yake. Hapo wema umeshavuka mpaka, umekuwa ukaguzi. Lakini Birdie alikuwa ameshaliona.

Nimesikia kisa hiki kilitokea kweli. Ni nani hao? (Msomaji, Mombasa)

Chanzo ni hadithi fupi ya Mary Orr, "The Wisdom of Eve", iliyochapishwa katika gazeti la Cosmopolitan mwaka 1946. Orr aliipata kutoka kwa Elisabeth Bergner, mwigizaji mzaliwa wa Austria. Wakati Bergner akicheza The Two Mrs. Carrolls mjini New York miaka ya vita, alimhurumia msichana aliyekuwa akisimama mlangoni mwa ukumbi, akampa kazi, kisha akajuta. Studio ikanunua hadithi, lakini jina la Mary Orr halikuandikwa kwenye filamu. Nalisema kwa uchungu: filamu inayohusu mtu kuchukua kazi ya mwingine haikumtaja mwanamke aliyekitunga kisa.

Watu wengi wa siku zile waliamini Margo amechorwa kutoka kwa mwigizaji Tallulah Bankhead, kwa sababu ya sauti nzito na ulimi mkali. Mankiewicz alikanusha. Sauti ya Bette Davis, aliyemcheza Margo, kuwa ya kukwaruza ilitokana na mshipa uliopasuka kooni mwake muda mfupi kabla ya kuanza kazi. Mwongozaji akaipenda, akamwambia aendelee nayo.

Kwa maoni yangu mwenye kosa kubwa ni Karen. Yeye ndiye aliyeharibu gari. Mbona hamumsemi? (Dada mmoja, Arusha)

Dada, nakushukuru kwa swali hili, maana ndipo penye moyo wa filamu, na wanaoizungumzia huigusa juu juu wakakimbilia ile karamu maarufu ya nyumbani kwa Margo.

Turudi nyuma kidogo. Margo amekuwa mkali. Amemgombeza Bill, amemgombeza Lloyd, amemwonea wivu Eve hadharani. Karen anaona rafiki yake amepita kiasi, anahitaji kufundishwa adabu kidogo. Basi wakiwa mapumzikoni nje ya mji, Karen anapunguza petroli kwenye tangi la gari. Wanapoelekea stesheni kupanda treni ya New York gari linazimika barabarani, theluji kila upande. Lloyd anashuka kwenda kutafuta msaada. Margo hatafika kwenye onyesho la usiku ule, na Eve, mwigizaji wa akiba, atapanda jukwaani. Tena atapanda mbele ya wahakiki, ambao walishapata habari mapema kwamba waje.

Sasa wanawake wawili wamebaki garini. Karen anadhani amefanya utani usiodhuru. Margo, asiyejua lolote, anaanza kuomba radhi. Anasema amemkosea Eve, amewakosea wote. Anasema anaogopa kwamba Bill anampenda Margo Channing wa jukwaani, na huyo baada ya miaka kumi hatakuwepo. Anasema mwanamke anapopanda juu katika kazi hii huangusha vitu vyake njiani ili awe mwepesi, akisahau kwamba kuna siku atavihitaji. Kila neno linamchoma Karen. Amekwisha kufanya alichokifanya na hawezi kukirudisha, na rafiki yake anamfungulia moyo kwa mara ya kwanza.

Mwishoni mwa maneno yale Margo anasema kwamba mwanamke asiye na mwanamume wa kumgeukia mezani au kitandani si mwanamke. Hapo sikubaliani naye kabisa, na sioni sababu ya kulifumbia macho eti kwa kuwa filamu ni ya zamani. Margo alikuwa mtu kamili kabla ya Bill. Lakini hofu yenyewe ni ya kweli: wanaume wa umri wake wanaendelea kupewa nafasi za vijana, naye anaandikiwa wahusika wa miaka ishirini na kitu anaoona haya kuwacheza.

Kwa hiyo ndiyo, Karen ana kosa. Ila tofauti yake na Eve ni kubwa. Karen alitenda akaumia kwa alichokitenda, na Eve akaokota jeraha lile akalitumia. Baadaye mgahawani anamwita chooni na kumwambia: nipatie nafasi ya Cora katika tamthilia mpya ya mumeo, la sivyo Margo atasoma gazetini habari za petroli. Karen anarudi mezani amekufa ganzi, na hapo hapo Margo anatangaza kwa hiari yake kwamba hataki kumcheza Cora, amechoka kujifanya kijana, anaolewa. Karen anaangua kicheko kisichozuilika. Kicheko kile cha Celeste Holm, aliyemcheza Karen, ni kipande ninachokipenda kuliko vyote.

Ni kweli Marilyn Monroe yumo?

Yumo. Anaingia karamuni akiwa ameshikana mkono na mhakiki Addison DeWitt, kama Miss Casswell, mwigizaji chipukizi. Ni dakika chache, alikuwa bado hajawa nyota, lakini hapotei machoni.

Bette Davis alishinda Oscar kwa kazi hii, sivyo? (Msomaji, Nairobi)

Hakushinda. Filamu iliteuliwa mara 14, rekodi ambayo haikufikiwa mpaka Titanic ya mwaka 1997, ikapata tuzo sita, ikiwemo ya filamu bora. Mankiewicz alichukua ya uongozaji na ya uandishi, na alikuwa amechukua zote mbili mwaka uliotangulia pia kwa A Letter to Three Wives. Waigizaji wanne wa kike waliteuliwa: Davis na Anne Baxter kama waigizaji wakuu, Holm na Ritter kama wasaidizi. Wote wanne walitoka mikono mitupu. Tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike ilikwenda kwa Judy Holliday wa Born Yesterday. Wengi wanaamini Davis na Baxter waligawana kura, na sioni maelezo mengine yaliyo bora zaidi. Tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, lilimpa Davis haki yake mwaka 1951.

Tusisahau kwamba nafasi ile hata haikuwa yake mwanzoni. Alipewa Claudette Colbert, akaumia mgongo. Davis alikuwa ameshapita miaka arobaini, ameachana na Warner Bros. mwaka uliotangulia baada ya karibu miaka ishirini, na wengi walidhani amekwisha. Naye Baxter, aliyemcheza Eve, mwaka 1971 alimpokea Lauren Bacall nafasi ya Margo katika Applause, tamthilia ya nyimbo iliyotokana na kisa hiki hiki.

Addison DeWitt anaandika gazetini tu. Anapataje nguvu ya kummiliki Eve? (Kaka, Zanzibar)

Kwa sababu anachunguza, kaka, na wengine hawachunguzi. Eve alidai kwamba alimwona Margo kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Shubert, San Francisco. Addison anamwambia San Francisco hakuna ukumbi wa Shubert. Kwa uzi huo mmoja vazi lote linafumuka: jina si lake, mume hakuwepo, na alilipwa dola 500 aondoke mji wake kwa sababu ya uhusiano na mwajiri wake. George Sanders alipata Oscar kwa nafasi hii, na alistahili.

Lakini Addison hautafuti ukweli ili awaambie wasomaji. Anauweka mfukoni kama hati ya deni. Kalamu ya mhakiki ina wajibu kwa watu wanaonunua tiketi, na yeye ameigeuza kuwa pingu. Ndiyo maana namwona mbaya kuliko Eve, ingawa filamu imempa maneno matamu kuliko wote.

Ile tuzo ya Sarah Siddons anayopewa Eve ipo?

Sarah Siddons alikuwepo, mwigizaji mkubwa wa Uingereza aliyefariki mwaka 1831. Tuzo ilibuniwa kwa ajili ya filamu. Wapenzi wa tamthilia wa Chicago wakaipenda, wakaanzisha chama chenye jina hilo mwaka 1952 na kuanza kuitoa kweli.

Sisi ni kikundi cha maigizo, hatuna pesa ya mapambo. Tufanyie mazoezi tukio gani? (Kikundi, Bagamoyo)

Lile la garini. Mnahitaji viti viwili na waigizaji wawili wanaosikilizana. Msiige maneno ya filamu. Tungeni yenu, wenye kazi yenu na mji wenu, ila mbakishe jambo moja: mmoja anajua alichofanya, mwenzake hajui, na asiyejua ndiye anayeomba msamaha. Anayemcheza Karen ana kazi ngumu zaidi, kwa kuwa maneno yake ni machache. Asilie, asijishike kifua. Afanye mazoezi ya kusikiliza tu, kisha mbadilishane viti mrudie.