Mtetemo ulinimaliza mgongo, mtetemo ukanirudisha kuvaa soksi

Nimeendesha malori miaka kumi na saba, mingi kati ya hiyo nikitoka Dar kwenda Tunduma na kuvuka mpaka Lusaka. Kwa hiyo siku mtaalamu wa fiziotherapia aliponiambia tiba yangu itakuwa na mtetemo ndani yake, nilimtazama usoni nione kama ananitania. Binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa pili.

"Mzee wangu, shikamoo. Leo tunapanda mashine ya mtetemo."

"Marahaba binti yangu. Lakini mtetemo ndio ulionileta hapa."

Alicheka, kisha akavuta kiti akanieleza. Maelezo yale ndiyo yamenifanya niandike makala hii, maana siku hizi simu imejaa matangazo ya mashine za kutetemesha mwili, na kila wiki kuna mtu ananiuliza anunue au asinunue.

Nianze na hali niliyokuwa nayo. Nilipoacha barabara, kuvaa soksi nikiwa nimesimama kulikuwa hadithi. Asubuhi natoka kitandani kama mbao, nashika ukuta mpaka chooni. Picha ilipopigwa, pingili mbili za chini za mgongo zilionekana zimekaribiana. Hakuna mkasa wowote niliopata, sikuanguka wala sikugongwa. Ni siti tu, tena siti ambayo springi zake zilikufa zamani na tukaziba kwa godoro la kipande.

Yule binti alinieleza hivi. Ukiwa umekaa kwenye lori, mtikisiko unapanda kutoka kwenye siti moja kwa moja hadi makalioni na kwenye uti wa mgongo. Miguu haina la kusaidia. Na mtikisiko wa gari kubwa ni wa polepole, mara nne hadi sita hivi kwa sekunde, na kiwiliwili cha mtu aliyekaa hucheza kirahisi kwenye mwendo huohuo. Fikiria bembea: ukiisukuma kwa wakati wake, hata mtoto anairusha juu. Mgongo wangu ulisukumwa hivyo saa kumi kwa siku. Halafu nikifika, naruka chini kutoka kwenye kebini na kwenda kukaza maturubai, misuli ikiwa imeshachoka hoi. Hapo ndipo migongo mingi ya madereva inapoondokea.

Mashine ya kliniki inafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Unasimama juu ya bamba, magoti umeyakunja kidogo. Bamba linatetema haraka, mara 25 hadi 40 kwa sekunde, lakini linacheza milimita chache tu. Ndani ya misuli kuna vihisio vinavyojua msuli ukivutwa. Kila bamba linapocheza msuli wa paja unavutwa kidogo, nao unajikaza wenyewe bila wewe kuuamuru, kama mguu unavyoruka daktari anapokugonga chini ya goti kwa kile kinyundo chake. Kwa nusu dakika misuli inajikaza na kujilegeza mara mamia. Ni mazoezi, ila yanafika kwenye misuli ambayo mtu mwenye maumivu ameshasahau kuitumia. Halafu unapumzika. Mimi nilianza na nusu dakika mara tano, siku tatu kwa wiki, nikafika dakika moja moja. Jumla haizidi dakika tano za kutetemeka. Linganisha na Dar mpaka Makambako.

Siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya: nilinyoosha magoti. Meno yakaanza kugongana, miwani ikateremka puani, na nilipotaka kusema "zima" sauti ikatoka kama ya mbuzi. "Kunja magoti, mzee!" Nikakunja, na papo hapo kichwa kikatulia, mtetemo wote ukabaki mapajani. Lile ndilo somo lenyewe. Magoti yaliyokunjwa ni springi, yaliyonyooka ni bomba la kupitishia mtikisiko hadi kwenye fuvu. Kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia: mapaja yanawasha vibaya sana mara ya kwanza, kama umepita kwenye upupu. Ni damu inayokwenda kwa wingi kwenye ngozi. Baada ya wiki moja hivi kwangu kuliisha.

Sasa, nilipata nini? Kufikia wiki ya sita mwili kukaza asubuhi kulipungua sana, na siku moja nilijikuta nimeinama kuokota ufunguo kabla sijakumbuka kwamba siwezi. Soksi navaa nimesimama. Lakini nisikudanganye: katika wiki hizo sita nilikuwa pia nalala chali na kuinua kiuno kila jioni, natembea kutoka nyumbani hadi dukani, na nimepunguza kilo nne. Nikisema ni mashine peke yake nitakuwa nauza kitu. Ninavyoona mimi, mashine iliamsha misuli na kupunguza maumivu kiasi cha kuniwezesha kufanya yale mazoezi mengine. Maumivu kupungua nako kuna sababu yake: ukijigonga kiwiko unakisugua, na ule msuguo unaziba njia ya taarifa za maumivu zisifike zote kwenye ubongo. Mtetemo unafanya vivyo hivyo, na nafuu hiyo huja haraka na kuondoka haraka.

Wazo lenyewe ni la kale, na chanzo chake kimoja kinanifurahisha kama mtu wa safari. Daktari Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, Paris, aligundua kwamba wagonjwa wake wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukaza) waliosafiri mbali kwa treni au kwa gari la farasi walifika wakiwa na nafuu, badala ya kufika wamechoka. Akatengeneza kiti cha kutikisika, akakieleza kwenye mhadhara wake mwaka 1892. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, watafiti wa Chicago wakajaribu tena. Kundi moja likakalia kiti kinachotetema, lingine likakalia kiti kilekile kikiwa kimetulia, wote wakisikiliza sauti za kutuliza. Matokeo yalitoka 2012: makundi yote mawili yalipata nafuu, na hapakuwa na tofauti ya maana kati yao. Huenda kupumzika tu na kuhudumiwa ndiko kulikosaidia. Nikikumbuka hilo najiuliza ni kiasi gani cha nafuu yangu kilitokana na yule binti na shikamoo zake.

Kwenye mifupa hadithi inafanana. Mama yangu mzazi alivunjika nyonga, kwa hiyo suala la mifupa kuwa myepesi linanihusu. Mwaka 2001 Clinton Rubin na wenzake huko New York walitangaza kwamba kondoo waliosimamishwa kwenye bamba la mtetemo mwepesi dakika 20 kwa siku, kwa mwaka mzima, walikuwa na mfupa wa ndani wa paja mwingi zaidi kwa asilimia 34 kuliko kondoo wengine. Dunia ikachangamka. Kisha huko Toronto wakawachukua wanawake 202 waliokoma hedhi, wakawafuatilia miezi 12, na matokeo ya mwaka 2011 yakaonyesha mifupa ya waliosimama kwenye bamba haikuwa na tofauti na ya wale ambao hawakusimama. Kondoo ni kondoo. Ukiambiwa na muuzaji kwamba mashine "inarudisha mifupa", mkumbushe wanawake wa Toronto.

Na kuhusu kitambi: hapana. Mama watoto alinunua bamba lake mtandaoni, laki tano na ushee, kwa sababu tangazo lilisema dakika kumi ni sawa na saa nzima ya mazoezi. Alisimama juu yake miezi miwili akitazama tamthilia. Tumbo liko palepale na yeye mwenyewe anacheka siku hizi. Mafuta hayatikiswi yakadondoka kama maembe.

Kosa langu kubwa nililifanya kwenye gym moja hapa mjini. Niliona kliniki wananibania, nikaenda kulipia mwenyewe, nikapanda dakika kumi na tano mfululizo, kasi ya juu. Hakuna aliyeniuliza nina tatizo gani. Nilirudi nyumbani na kichwa kinagonga na mgongo umekaza siku nne. Yule binti hakunigombeza, aliniuliza tu, "Mzee wangu, na panadoli huwa unameza kumi na tano?"

Wapo wasiotakiwa kupanda kabisa mpaka daktari aseme: mjamzito, mwenye betri ya moyo, mwenye kifafa, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au aliyewekewa chuma kipya mwilini, mwenye mawe kwenye figo, mwenye tatizo la retina ya jicho, na mwenye damu iliyoganda kwenye mshipa. Hili la mwisho nawasihi madereva wenzangu mlisikilize. Ukishuka baada ya safari ndefu na shavu la mguu mmoja limevimba, lina joto na linauma, usilitie mtetemo wala usilikande, iwe kwa bamba au kwa ile mashine ya masaji ya mkononi yenye umbo la bunduki. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Damu iliyoganda ikibanduka inaweza kwenda kwenye mapafu. Ile bunduki ya masaji yenyewe ni nzuri kwa misuli ya paja na matako yaliyochoka, dakika moja au mbili kila mahali, mradi usiielekeze kwenye mfupa wa uti wala mbele ya shingo.

Kama unataka kujaribu, anza kwa mtaalamu wa fiziotherapia akuangalie unavyosimama, walau mara tatu nne, ndipo ufikirie kununua.

Juzi alinipigia aliyekuwa utingo wangu, siku hizi naye ni dereva, alikuwa ameegesha Makambako. Mgongo unamsumbua, amesikia habari za mashine, anataka nimwelekeze duka. Nikamwuliza kwanza siti yake ikoje.

Akanyamaza kidogo. "Tumeifunga na waya, mzee."